Mwili Una Saa Zake

Somo la juma kwa vikundi vya sala na madarasa ya Biblia
Tusome kwanza: 1 Wafalme 19:1-8, Yohana 4:5-7, Matendo 20:7-12, Kutoka 17:8-13



Tangu utoto sisi Wakimbangu tunafundishwa maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Ndugu zetu wa Kinshasa wanasema Bolingo, Mibeko, Misala. Somo la leo liko juu ya neno la tatu. Hatutalipunguza. Mtu asiende nyumbani na kusema, "Shemasi ametupa ruhusa ya kulala." Lakini nimeona katika parokia kwamba wengi wetu tunalibeba neno hili vibaya. Tunafikiri mtumishi mwema ni yule ambaye nguvu zake ni sawasawa asubuhi na mchana, wakati wa baridi na wakati wa mvua, akiwa kijana na akiwa mzee. Siku nguvu zake zinaposhuka, tunatafuta haraka jina la kumpa: mvivu, au mwenye dhambi iliyofichwa, au mtu aliyelogwa. Majina haya yamevunja nyumba nyingi hapa Kamina. Mimi mwenyewe nimeyatumia, na nitaeleza.

Tuanze na nabii Eliya. Katika sura ya 18 tunamwona juu ya mlima Karmeli, peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali. Moto unashuka, mvua inanyesha baada ya ukame mrefu, naye anakimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Hakuna siku kubwa kuliko ile katika maisha yake. Geuza ukurasa mmoja tu. Mtu yuleyule amekaa chini ya mti jangwani, anaomba afe. Je, alitenda dhambi katikati ya sura ya 18 na ya 19? Biblia haisemi hivyo. Alikuwa ametishwa na Yezebeli, amekimbia mbali, na mwili ulikuwa umekwisha.

Sasa angalieni Mungu alifanya nini. Hakutuma kwanza mahubiri. Alimwacha alale. Kisha malaika alimgusa na kumwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya alikula, akanywa, akalala tena. Malaika hakukasirika kwamba amelala tena. Alirudi mara ya pili na chakula, akamwambia kwamba bila kula hataiweza safari iliyo mbele yake. Ni baada ya kulala mara mbili na kula mara mbili ndipo nabii alitembea siku 40 mpaka Horebu, na ni huko, mlimani, Mungu alianza kumwuliza maswali. Mashauri yalingoja mpaka tumbo limeshiba na macho yameona usingizi. Sisi mashemasi tunafanya mara nyingi kinyume: tunamwita mtu aliyechoka mbele ya kamati, saa nane ya mchana, na njaa yake.

Saa ya ndani

Mungu aliweka mchana na usiku juu ya dunia, na aliweka pia mchana na usiku ndani ya mwili. Waganga waliosomea jambo hili wanafundisha kwamba ndani ya kichwa, nyuma ya macho, kuna sehemu ndogo sana inayopokea habari za mwanga wa jua na kuongoza saa za mwili wote. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, de Mairan, alifungia gizani mmea wa ile namna inayokunja majani usiku. Akakuta unaendelea kuyakunja na kuyakunjua kwa saa zake, ingawa hauoni jua. Maana yake saa ilikuwa ndani ya mmea wenyewe. Na mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa zawadi ya Nobel ya uganga kwa sababu walionyesha namna saa hiyo inavyotembea ndani ya kiumbe. Waliichunguza katika inzi wadogo wanaokaa juu ya matunda. Kama Mungu hakumsahau inzi, atamsahau mama anayeuza unga sokoni?

Basi saa hii inatembea namna gani kwa mtu? Usiku, karibu saa tisa mpaka saa kumi na moja, moto wa mwili unashuka chini kabisa, na ndiyo saa ambayo walinzi wanaanguka usingizi na madereva wanapotea njia. Asubuhi nguvu zinapanda. Kwa watu wengi, kichwa kinafanya kazi vizuri kati ya saa tatu na saa sita. Kisha, kati ya saa saba na saa tisa ya mchana, nguvu zinashuka. Tunasema ni bukari imetulemea. Bukari inaongeza, ni kweli, lakini hata asiyekula anasikia uzito ule. Jioni nguvu zinarudi kidogo, na halafu usingizi. Mtu mzima anahitaji kulala saa saba au zaidi, na kijana zaidi ya hapo. Tena watu hawafanani. Wazee wanaamka kabla ya jogoo. Vijana, kwa maumbile yao, usingizi unawajia kwa kuchelewa na unawaachilia kwa kuchelewa. Papa anayemwita mtoto wake wa miaka 16 mvivu kwa sababu hiyo tu, akumbuke alivyokuwa yeye.

Yohana anaandika kwamba Bwana Yesu alichoka na safari, akaketi kisimani huko Samaria, na ilikuwa kama saa sita. Hakuficha uchovu wake. Aliwaacha wanafunzi waende kutafuta chakula, yeye akaketi. Na ni pale alipoketi ndipo mwanamke alikuja na kiu yake.

Watu wa Kamina wanaelewa jambo hili kwa njia ya reli. Tangu zamani za BCK mji wetu ni mji wa njia panda: njia moja inakwenda Lubumbashi, nyingine Kananga na Ilebo, nyingine Kabalo. Waya wa umeme unaotoka Lubumbashi unafika hapa. Treni inayokwenda mbele ya hapa inavutwa na mashini ya mazut. Mizigo ni ileile, mabehewa ni yaleyale, nguvu inayovuta ndiyo imebadilika. Sijasikia mtu aliyesimama gare na kusema treni imetenda dhambi kwa sababu inabadilisha mashini. Fundi wa reli anajua pahali pa kubadilisha, na anatayarisha.

Hesabu ya sadaka

Sasa nitoe ushuhuda wangu. Miaka iliyopita nilipewa kazi ya kuandika hesabu ya sadaka. Mnajua Siku ya Mungu kwetu: nyimbo, fanfare, filimbi, mahubiri, kisha nsinsani, upande huu unashindana na upande ule kwa kutoa, kwa furaha, mpaka jua limepita kichwa. Baada ya kufunga ibada nilikuwa nakaa peke yangu katika chumba kidogo, chini ya mabati ya moto, karibu saa tisa, sijala tangu asubuhi, mbele yangu rundo la noti za franka zilizochakaa.

Siku ya Mungu ya kwanza hesabu yangu haikufanana na ile iliyotangazwa: pesa zilikuwa pungufu. Nikanyamaza. Ya pili, pungufu tena. Ndugu wawili wakaanza kunong'ona nje ya kanisa. Ya tatu hesabu yangu ilizidi. Nilikuwa nimeandika pesa nyingi kuliko zilizokuwa mezani. Ile ziada ndiyo iliniokoa, kwa sababu mwizi hawezi kuandika zaidi. Lakini usiku ule sikulala. Niliomba nikilia, nikifikiri labda kuna roho mbaya juu ya mikono yangu.

Mama mmoja mzee wa kanisa, aliyeuza unga sokoni miaka mingi, aliniita.
"Mwana wangu, unahesabu saa ngapi?"
"Baada ya ibada, mama. Karibu saa tisa."
"Umekula?"
"Hapana, mama."
Akacheka. "Mimi, tangu nianze biashara, sijahesabu faida yangu mchana. Mchana naweka pesa katika kitambaa, nafunga. Nahesabu alfajiri, kabla sijawasha makala. Mchana pesa zinanidanganya."

Hakuwa amesoma kitabu cha waganga. Tulifanya hivi: baada ya ibada watumishi wanapewa kwanza maji na chakula kidogo, watu wawili wanahesabu pamoja, mmoja anataja, mwingine anaandika, pesa zinafungwa katika mfuko na wote wawili wanatia sahihi. Daftari kubwa naliandika siku ya kwanza alfajiri. Makosa hayakuisha kabisa, lakini yale ya kutisha yaliisha. Na wale ndugu wawili, mmoja wao sasa ndiye anayehesabu pamoja nami.

Fundisho ninalolitoa hapa ni la mikono: kazi inayotaka kichwa safi, kama hesabu, barua, kutayarisha mahubiri, kusikiliza watu waliogombana, iwekwe katika saa ambayo kichwa chako kiko safi. Kila mtu aijue saa yake. Kwa majuma mawili andika katika kijikaratasi saa unayofanya kazi vizuri na saa unayokosea, nawe utaiona. Kufagia kanisa, kupanga viti, kufua, kumenya mihogo, hizo zinaweza kuchukua saa ile nzito. Atakayepata nafasi ya kulala nusu saa mchana, alale bila haya. Kahawa ni mkopo tu: inaamsha leo na kudai usiku. Juu ya pombe na tumbako, na zile dawa za kufukuza usingizi ambazo vijana wananunua barabarani, amri ya Kanisa inajulikana.

Kijana aliyelala katika kesha

Ushuhuda wa pili unanitia haya. Katika kesha moja la maombi, karibu saa tisa ya usiku, kijana mmoja wa filimbi alilala amekaa. Nilikwenda nikamtikisa mbele ya wote, nikamwuliza kama shetani ndiye aliyemfunga macho. Watu walicheka. Kijana alitoka, na hakurudi.

Baadaye nilijua kwamba usiku uliotangulia alikuwa njiani, anasukuma kinga yenye magunia ya makala kutoka porini mpaka sokoni, akauza mchana kutwa, jioni akanawa, akachukua filimbi yake na kuja kesha. Hakuwa amelala siku mbili. Kati yetu wote waliokuwa ndani usiku ule, labda yeye ndiye aliyempa Mungu zaidi.

Someni habari ya Eutiko katika Matendo 20. Paulo aliendelea kusema mpaka usiku wa manane, taa zilikuwa nyingi, na kijana aliyekaa dirishani alilala akaanguka toka orofa ya tatu. Paulo hakumgombeza. Alishuka, akamkumbatia, na kijana akawa mzima. Mimi sikushuka wala kumkumbatia. Ilinichukua muda kwenda kwao kuomba msamaha. Mama yake alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Kijana alirudi kanisani, lakini si upesi.

Tangu hapo, kesha linapotangazwa, tunauliza nani ametoka kazini usiku, kama vile walinzi na watu wa reli, na hao tunawaambia waje jioni na kuondoka saa nne. Wazee wengine hawakupenda. Wanasema zamani tulikesha wote. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao.

Uchovu ambao si wa saa wala wa majira

Kuna uchovu ambao kulala hakuuondoi. Huu tuwe macho nao, kwa sababu hapa ndipo ulozi unapotajwa, na ulozi ukitajwa, bibi mmoja mzee anafukuzwa katika lupango.

Mama mmoja wa kwaya aliyezaa watoto kwa kufuatana alianza kuchoka. Alikaa wakati wenzake wamesimama. Alipumua kwa nguvu akichota maji. Jamaa ya bwana yake walisema shangazi anakula nguvu zake. Shangazi mwenyewe alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake katika kitambaa. Mchungaji aliomba nao, kisha akawaambia waende kituo cha afya kabla ya kusema neno lingine. Walipima damu, wakakuta imepungua sana. Alipewa vidonge vya kuongeza damu, akaambiwa ale sombe, maharagi na samaki, na kupumzika kabla ya mimba nyingine. Baada ya miezi kadhaa alisimama tena katika kwaya. Shangazi alifungua vitu vyake.

Basi tujue. Uchovu pamoja na homa, fikiri malaria. Uchovu na kikohozi cha majuma mawili au zaidi, na kukonda, na jasho la usiku, nenda upimwe kifua kikuu. Dawa yake haiuzwi, inatolewa bure. Uchovu na kiu isiyoisha na kukojoa mara nyingi, inaweza kuwa sukari katika damu. Mama aliyezaa anayelia kila siku na hataki kumshika mtoto si mama mbaya, ni mgonjwa, asiachwe peke yake. Sala na maji ya Nkamba havikatazi kituo cha afya. Kanisa letu lenyewe lina hospitali na vituo vyake. Kama tungekuwa tunakataza waganga, tungevijenga kwa nini?

Mwaka pia una kupanda na kushuka kwake. Januari na Februari ghala ni tupu, mahindi mapya hayajakomaa, na kulima kunaendelea. Mtu anayekula mara moja kwa siku hawezi kuimba kama anayekula mara mbili. Juni na Julai baridi ya asubuhi inawakamata wazee viungo. Baada ya kilio nyumba nzima inakuwa nzito kwa miezi. Parokia iangalie haya kabla ya kupanga michango na kazi za mikono. Shamba la kanisa tunalilima alfajiri mpaka saa nne, si tena baada ya chakula. Chungu ambaye Mithali inatutuma kwake anakusanya wakati wa mavuno. Hakuna pahali inapoandikwa kwamba anakusanya mwaka mzima.

Mikono ya Musa

Wengine wataniuliza: na Papa Simon Kimbangu, je? Kazi yake ya wazi ilianza 6 Aprili 1921, na alikamatwa 12 Septemba ya mwaka uleule. Miezi mitano. Kisha miaka 30 ya kifungo, mpaka alipolala 12 Oktoba 1951 huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, katika Katanga yetu hii. Kifungo si uchovu, sitaki kuchanganya mambo. Lakini mtu anayehesabu kazi kwa jasho linaloonekana tu, ataihesabuje ile miaka 30? Mama Marie Muilu alilichunga kundi kwa siri wakati huo wote. Kazi haikusimama, ilihamia mikono mingine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Musa pia. Mikono yake ilipoinuka Israeli walishinda, ilipoanguka walishindwa. Haruni na Huri hawakumwambia aongeze imani. Walileta jiwe akakaa, wakaishika mikono yake, mmoja huku, mmoja huku, mpaka jua lilipotua. Katika kikundi chenu cha sala kila mtu awe na Haruni wake, mtu anayeweza kumwambia bila haya, "Juma hili mikono yangu imeanguka, shika upande wangu." Naye akipona, atashika upande wa mwingine. Hekalu la Nkamba lililofunguliwa 6 Aprili 1981 lilijengwa na waamini waliojitolea, na mawe yale hayakubebwa na kichwa kimoja.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi, siku ya tatu jioni:

Ni saa gani ya siku unakosea zaidi, na ni kazi gani unayoifanya saa ile kwa sababu tu umezoea?

Je, kuna mtu katika parokia tuliyemwita mvivu au aliyelogwa, ambaye hatujamwuliza bado analala saa ngapi, anakula nini, na kama amepimwa damu? Nani kati yetu atakwenda kwake juma hili?

Na mvivu wa kweli, tutamjuaje? Swali hili ni gumu, na kamati ya mashemasi haijakubaliana juu yake. Leteni mawazo yenu yameandikwa.